Baki

Steshenari ya Bi Saumu, Mabibo Mwisho.
Fomu imetoka kwenye printa, bado ya moto.
Mdogo wangu Kemilembe ameibana kwa kiwiko
feni isije ikaipeperusha,
na kwenye kisanduku cha kozi ameandika,
kwa penseli kwanza, maana ananijua:
Shahada ya Sayansi, Hisabati.

Ananitazama. "Kaka, inalipa?"

Nageuza risiti ya luku upande mweupe.
Nilikopa milioni kumi na tatu na laki sita.
Mshahara wangu, shule binafsi, Kimara:
laki sita na ishirini, ukija.
Bodi inachukua asilimia kumi na tano
kabla sijauona hata kivuli:
elfu tisini na tatu.
Gawanya.
Miezi mia moja arobaini na sita,
baki elfu ishirini na mbili.

Miaka kumi na miwili na ushee, Kemi.
Mtoto azaliwe leo, aote meno, yang'oke,
aote mengine, afike darasa la sita,
mimi bado nina baki.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Kweli, harusi tuliicheza.
Bumu likiingia bweni zima lilinuka chipsi,
tukanunua viatu, tukatuma nyumbani,
mama akaezeka upya chumba cha uani. Usisahau hilo:
bati zile nane zimo ndani ya deni.
Kwenye fomu ziliitwa chakula na malazi.

Nyambita, aliyekaa nyuma yangu kidato cha nne,
aliyevuna F ya hesabu akaicheka,
anauza kava za simu Kariakoo, maduka mawili.
Juzi aliniita nimpigie mahesabu ya kodi.
Akanilipa elfu thelathini na soda.
Nikamwandikia stakabadhi. Akacheka tena.

Hayo yote nimeyapanga safu mbili,
mapato huku, deni huku,
mstari wa katikati umenyooka kama nilivyofundishwa.
Halafu nimekwama.
Kwa sababu kuna asubuhi moja, mwaka wa pili,
Yombo, mvua inapiga paa hatusikii kitu,
mwalimu akaacha kusema, akaandika tu ubaoni
kwamba namba tasa hazina mwisho.
Chukulia zina mwisho.
Zizidishe zote.
Ongeza moja.
Nikaona kabla hajamaliza.
Nywele zilinisimama, Kemi,
watu mia mbili, viatu vimelowa,
na mimi nimeshika kitu ambacho
hakuna atakayekuja kukikata mwisho wa mwezi.

Sijui nikiweke safu gani.
Nikikiweka kwenye mapato, hakinunui unga.
Nikikiweka kwenye deni, ni uongo.

"Kaka, watu wanasubiri mashine."

Namwambia ukweli: hailipi.
Namwambia na ukweli mwingine:
Jumanne nina kidato cha tatu, vipindi viwili vya aljebra,
na Jumanne sijuti.
Siku nyingine nitakuongopea.

Ananyamaza. Anachukua ufutio.
Anafuta, nami nahisi kitu kinashuka kifuani,
sijui ni nafuu au nini.
Anapuliza vumbi la ufutio,
anaandika upya, palepale, neno lilelile,
kwa wino, herufi kubwa.

Kisha ananisukumia ukurasa wa nne.
Jina la mdhamini.
Baba angekuwepo angeweka dole gumba.
Bi Saumu ananipa kalamu iliyofungwa mezani kwa uzi.
Uzi mfupi. Inabidi niiname.