Njia Panda ya Kaliua

Dakika nane baada ya kuiacha Tabora
skrini ya kushoto ilikonyeza, ikafa.
Ya kulia ikaifuata bila kuaga.
Kapteni Rubibi akaigonga kwa kidole,
mara mbili, kistaarabu, kama anayebisha hodi
kwa mtu anayemdai.
Hakuna aliyeitika.

Septemba. Nyika inaungua tangu Urambo hadi usipopaona,
moshi umelala juu ya miombo
rangi ya maji yaliyonawiwa mikono.
Tukauita mnara wa Kigoma, tukasema ukweli wetu mfupi:
vifaa vya uongozaji vimezima, vyote,
tunashuka chini ya moshi, tunaruka kwa macho.
Mnara ukanyamaza kidogo,
kisha ukauliza idadi ya roho.
Arobaini na tatu, nikajibu,
sikuwataja nyuki waliokufia ndani ya madumu ya asali
yaliyopakiwa Tabora bila kuchujwa.

Tunu alikuwa mlangoni na birika la chai.
Aliona kiza kwenye vioo, akatuona sisi,
akarudi kwa abiria akaendelea kumimina.
Baadaye alinionyesha kiganja. Alikuwa amejiunguza,
na hakuguna.

"Tushike reli," alisema Kapteni,
naye, mtu wa Kasulu, akaitafuta
kama anayetafuta uzi mweusi kwenye zulia la kijivu.
Mimi niliiona kwanza. Si kwa ubora wa macho.
Baba yangu, Mihayo, alikaa kwenye genge la reli
miaka ishirini na sita,
akiikaza njia hii kwa spana ndefu kuliko mimi,
akihesabu mataruma kwa Kinyamwezi
kwa sababu, alisema, kwa Kiswahili yanaisha haraka.

Usoke ikapita. Urambo, na mabani ya tumbaku
milango wazi, matupu, yakingoja msimu.
Kisha Kaliua,
na Kaliua ndipo reli hukata shauri mara mbili.

Moshi ukafunga.
Ulipofunguka uzi ulikuwa pale pale chini yetu,
Kapteni akaufuata, akapumua,
dira ya sumaku ikilewa ndani ya kibuyu chake.
Nikahisi joto shavuni.
Shavu la kulia.
Jua la alasiri, lililokuwa mbele likituchoma sote wawili,
limehamia upande wangu peke yangu.

Mtu mwenye saa elfu tisa angani
unamwambiaje kwamba amepotea
kwa ushahidi wa shavu?

"Hii ya Mpanda," nikasema.
Sauti ilitoka ya mtoto,
yule aliyepeleka chakula gengeni
akakuta wazee wanacheka, asijue wanamcheka nani.
Kapteni hakunitazama. Aliitazama dira mpaka ikalevuka,
mpaka ikatulia kwenye namba aliyoichukia,
kisha akapinda kulia, polepole,
ili chai isimwagike.

Nguruka. Mto Malagarasi katika vinamasi vyake
ukijikunja na kurudi
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Uvinza, chumvi ikimeta.
Halafu milima, halafu ziwa,
kubwa mno kuliko haja yetu ya kuliona.

Fundi alifungua sanduku, akachomoa waya
mwembamba kama mwiba wa dagaa.
"Ni huu tu," akasema.
Hiyo *tu* yake niliibeba hadi hotelini.
Kwenye fomu kuna mstari: kifaa mbadala kilichotumika.
Kapteni aliandika *dira*. Akasita,
akaweka mkato, akaongeza *reli*.
Akanipa kalamu nami nitie sahihi.
Sikuandika *shavu*.

Usiku, Mwanga, chumba namba sita,
treni iliingia kutoka kule kule,
imechelewa saa kumi na moja, ikipiga honi bila haya.
Nikaketi kitandani gizani
nikaanza kuhesabu, kwa Kinyamwezi,
yasiishe.