Haikuonekana

Kopo jipya limeandikwa: talki.
Nalisoma neno, naiona shingo ya mwanangu
nyeupe kwa poda baada ya kuoga.
Ndiyo ileile, asema Balwinder mwenye gereji,
jiwe laini kuliko mawe yote, hata ukucha hulikwaruza.
Husagwa, huchanganywa na gundi,
nawe unatia kigumishi chekundu, kiasi cha punje ya mbaazi,
unakoroga upesi kabla hakijakushinda.
Dakika nne. Mlango uliobonyea unasahau ajali.

Karatasi ya usalama iko ukutani, ina madoa ya vidole.
Vaa barakoa. Lowesha. Vumbi linyonywe, lisifagiwe.
Nimeyashika kama dua ya safari.

Lakini gari la Jumatatu si la juzi.
La mwaka sabini na moja, rangi ya haradali,
la mjane wa Dudley asiyetaka kuliuza.
Chini ya rangi pana kiraka cha kijivu,
kazi ya fundi nisiyemjua.
Nikachukua msasa.

"Weka chini."

Ivor Pugh. Siku hizi huja kunywa chai tu,
na ngazi ya ofisini huipanda kwa awamu tatu.
Alikohoa, akangoja kikohozi kimalize zamu yake.
"Zamani," akasema, "machimbo hayakuchagua.
Talki na asbesto, huko mlimani, ni majirani wa ukuta mmoja;
ukimwita huyu, huenda na yule akaja.
Nasi tulipiga msasa mkavu, Januari, madirisha yamefungwa,
tukitoka weupe kama waoka mikate.
Maureen akikung'uta ovaroli yangu mlangoni
kila Ijumaa."
Akakomea hapo, kwenye Ijumaa.
Mvua ya Tipton ilikuwa inapiga bati.
Nikakumbuka kwamba Maureen sijawahi kumwona.

Tulikilowesha kiraka, tukabandua kipande mfano wa ukucha,
mfuko ndani ya mfuko, kikaenda maabara.
Siku tisa gari lililala chini ya turubai,
Balwinder akipiga hesabu ya hasara kwa kalamu iliyokauka.

Leo jibu limekuja, mstari mmoja:
haikuonekana.
Balwinder akapiga makofi. Haipo!
Ivor aliusoma bila miwani, akausoma kwa miwani,
akaniachia karatasi mkononi asiseme kitu.
Nami, nikiutafsiri kimoyomoyo,
nikauona ufa kati ya haikuonekana na haipo,
ufa wa kupenya uzi mmoja
mwembamba kuliko unywele.

Nimevaa barakoa. Nimefungua maji.
Msasa unanong'ona, tope la kijivu linateremka mlangoni
hadi kwenye ndoo, halina haraka.
Ivor ameketi nje kwenye mvua, kikombe kimepoa.
Jioni nitavua nguo hizi hapahapa,
nitaosha shingo, niioshe tena,
kabla mwanangu hajanirukia.