Pateni ya Shangazi Kalunde

Pateni niliyo nayo ni ya karatasi ya mfuko wa saruji,
ile ya ndani, isiyoguswa na vumbi.
Aliichora mwenyewe, mwaka nilioanza kukanyaga cherehani
miguu ikifika kwa shida:
blauzi ya kitenge, nusu ya mbele, nusu ya nyuma,
na penseli yake pembeni imeandika
KUNJA HAPA. KATA MOJA. USIPIME KWA MACHO.

Nusu inatosha, alinifundisha.
Unakunja kitambaa, unalaza pateni juu ya mkunjo,
mkasi ukipita upande huu umepita na ule,
maana Mungu naye, alisema, alikata watu kwa kukunja.

Juzi ameshuka na treni ya Mwanza,
saa kumi usiku, begi moja.
Bugando wamemaliza kazi yao.
Mkono wa kushoto unaishia usawa wa bega, haupandi zaidi,
na blauzi zake zote zina zipu mgongoni.
Siku tatu alivaa shati la marehemu mumewe.
Ya nne akaniambia, bila kugeuka kutoka dirishani:
"Nishonee kitu kinachokubali."

Nikaenda Kachoma, kwenye marundo ya mitumba,
nikavuta kila kitambaa kwa vidole viwili kukijaribu moyo.
Nikapata shuka la jezi, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa:
ukilivuta linakuja, ukiliachia linarudi.
Elfu nne.
Nilitoa tatu na mia tano, na shikamoo.

Sasa hesabu.
Kitenge hakina huruma, unakiachia inchi mbili mwili upumue.
Hiki chenyewe kinapumua. Nikapunguza inchi ubavuni,
robo begani, nikashusha kwapa la kushoto,
nikapanua shingo mpaka kichwa kipite bila kuomba mkono.
Zipu nikaifuta.
Kikabaki kibano cha kifua,
pembetatu moja nyembamba
aliyoichora kwa ajili ya matiti mawili.

Hapo chaki ikanigomea.
Kitambaa cha kuvutika hakitaki kibano, kila fundi anajua;
ningekifuta kwa sababu hiyo tu, sababu ya kifundi,
nikanyamaza.
Lakini jezi ni mbea kuliko kitenge:
italala palipojaa, na palipo patupu italala pia,
na Isevya nzima itasoma.

Nikakunja kitambaa. Nikakikunjua.
Kwa mara ya kwanza tangu nijue mkasi
nikagandisha gazeti kwa gazeti, kwa uji wa ngano,
nikachora mtu mzima:
kulia kwake, kushoto kwake, kila upande na namba zake.
Kushoto nikaweka marinda matatu yanayoshuka kutoka begani,
si ya kuficha,
ni ya kukipa kitambaa kazi.

Alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu.
"Umesahau kukunja."
"Sijasahau."
Uji ukapoa mkononi mwake.
Kisha akachukua penseli, akafuta rinda moja.
"Mawili yanatosha. Mimi si pazia."
Na pembeni, kwa mwandiko uleule wa mfuko wa saruji,
akaandika: USIKUNJE.

Cherehani yetu haijui zigizaga, na jezi huimeza kama ugali.
Nikalaza ukanda wa gazeti chini ya kila mshono,
nikashona nguo na habari pamoja,
nikivuta kidogo mbele, kidogo nyuma,
kisha nikachana karatasi, taratibu, kama gamba la kidonda.

Aliivaa peke yake, nyuma ya pazia.
Nilisikia kitambaa kikipita kichwani,
halafu kimya kirefu, nikahesabu misumari ya dari.
Akatoka.
Hakutaja kioo.
"Kuna gazeti limebaki huku kwapani," akasema, "linanikwaruza. Njoo utoe."
Akainua mkono mpaka pale unapokomea,
akausubirisha hapo,
na mimi nikatafuta kwa kucha
kile kipande.