Unga wa Mvule

Lali Famau amekuja tena, kofia mkononi,
nyusi zimepauka kwa vumbi la mbao.
Miaka ishirini na miwili anachonga milango Langoni;
siku hizi kifua chake kinapiga filimbi.

Majibu yamerudi na ndege, siku ya kumi na mbili,
karatasi moja, muhuri wa Nairobi.
Namsomea. Maziwa: hapana. Karanga: hapana.
Kaa na kamba: hapana. Hapo akacheka,
"Alhamdulillahi, hilo lingeniua."
Chavua ya mti fulani wa nchi za baridi,
ambao mimi na yeye hatujawahi kuketi kivulini mwake: hapana.
Paka: ndiyo, kidogo.

"Paka?" Akageukia mlango.
Watatu walikuwa wamelala kwenye benchi la wagonjwa.
"Paka wa Amu hawa, nimezaliwa nao.
Ijumaa nashinda nao barazani, napumua kama mtoto.
Jumamosi nikishika msasa, saa nne haijafika,
ndipo."

Mvule haumo kwenye orodha.
Nimeitazama mbele na nyuma.
Na damu, jamani, ni shahidi mwenye adabu:
hujibu ilichoulizwa, kisha hunyamaza.

Aliniletea unga wenyewe ndani ya kibiriti,
kaushindilia kama zafarani ya harusi.
"Pima na huu."
Ulikaa mezani kutwa. Sina cha kuufanyia.
Nikiutia kwenye darubini nitaona vumbi,
na vumbi hata yeye analiona.

Basi nikampa kipima pumzi
na daftari la mwanawe, kurasa zilizobaki baada ya hesabu.
Puliza asubuhi, puliza jioni, andika.
Mia nne na kumi. Mia tatu. Mia mbili na themanini.
Wiki ya Idi, mia nne na thelathini, siku tatu mfululizo.
Kisha Jumatatu ile, mia mbili na sitini,
mwandiko umelala upande.

Tajiri wake hataki daftari, ataka karatasi ya maabara.
Fomu ina kisanduku kimoja.
Nimeanza: *Mzio wa kazini haukuonekana*
na Lali anasoma juu chini, ng'ambo ya kaunta.
"Dada Mwanashee," asema, "andika *haukutafutwa*."

Nikafungua daftari ninakili tarakimu.
Unga ukamwagika toka kati ya kurasa,
mstari mwembamba wa manjano juu ya fomu.
Kabla sijashika kitambaa
alikuwa ameshaanza kukohoa.