Uzi Unaokumbuka

Februari, Tartu. Nepi za usiku zimeganda kambani,
ngumu kama mbao za sanduku.
Naziingiza ndani zikigongana,
naye Pihla anapiga makofi: "Baba kaleta milango!"
Milango minne midogo.
Naiegemeza kwenye jiko la matofali
mpaka ikate tamaa, irudi kuwa vitambaa.

Kaidi amelala; zamu ya hospitali iliisha alfajiri.
Kwa hiyo tunaishi kwa minong'ono, mimi na huyu
wa miaka miwili na nusu asiyejua kunong'ona.
Maji aliyoogea jana yangali ndooni, yanangoja sakafu.
Maganda ya viazi yamo ovenini na chumvi kidogo.
Chupa kumi na moja zimepanga foleni mlangoni
kwenda kwa mashine ya dukani,
ile inayozimeza na kutema risiti.
Pihla anaamini mashine ina njaa
na sisi ndio wapishi wake.

Jirani yetu Valdur huniambia ngazini,
"Nyinyi vijana mnaiokoa dunia."
Namshukuru.
Simwambii kwamba leo ni Alhamisi, mshahara ni Jumanne,
na kwamba dunia na mfuko wangu, mwezi huu,
vinauguza donda moja.

Leo nimeitoa sweta ya marehemu mama.
Nondo wamekula kwapa moja na nusu ya kola.
Aliifuma mwaka ule duka la kijiji
lilipokuwa na siki na viberiti, basi;
sufu aliipata kwa kutoa asali.
Nakata fundo. Navuta.
Trrrr, safu nzima inakimbia,
na Pihla anaangua kilio:
"Usimmalize! Bibi ataisha!"

Mtu hujibu nini?
Nampa ncha ya uzi aishike.
Anatembea nayo huku kamasi zikimtoka,
anazunguka mguu wa kiti, mguu wa meza,
kitasa cha kabati, mimi,
hata jiko zima likawa utando,
na mama yangu, aliyenyamaza miaka sita,
akapita chini ya meza, nyuma ya mlango,
akarudi kunifunga vifundo vya miguu.

Lakini uzi haunyooki.
Kila kitanzi kimeacha wimbi lake.
"Mbona unachezacheza?"
"Unakumbuka," nasema.
"Unakumbuka nini?"
Vidole vyenye nyufa za baridi. Redio ikikoroma.
Mshumaa uliobanwa kwenye gilasi iliyovunjika mdomo.
"Sweta," nasema.
Anafikiri. Anajipangusa pua kwa kiganja.
"Tuuoshe usahau."

Na kweli ndivyo ifanywavyo:
tumeuloweka, tumeutundika bafuni,
chini tumefunga chupa ya kumi na moja, imejaa maji,
iuvute polepole usiku kucha.
Mashine imepata kumi tu. Pihla ameiomba radhi.

Nafuma watoto wa watu wakishalala,
mwanamume wa mabega haya, ulimi nje
kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.
Nafumua, nafuma.
Kaidi akivaa koti la kwenda kazini
hupima kwa jicho, hucheka puani:
mkono wa kushoto umemzidi wa kulia kimo.
Sibishi. Uzi wenyewe haukunyooka wote;
mahali fulani kifuani, ukipapasa,
kuna wimbi lililokataa.

Machi imeingia, theluji imekuwa uji.
Amevaa. Hataki kuvua hata kulala.
Mikono mirefu nimeikunja mara mbili,
na ndani ya mkunjo nimemwekea
mwaka ujao, labda na wa pili.

Yeye ameshaficha humo
kipande cha mkate mweusi.