Neno Hilo Lina Julai Ndani Yake

Januari, Miskolc, ghorofa ya tisa.
Mvuke wa manispaa unapanda mabombani
bila kumuuliza mtu anataka joto kiasi gani,
kwa hiyo dirisha liko wazi, theluji inachungulia,
nami nimepiga magoti mbele ya kompyuta
niliyoivua ubavu mmoja.

Kitambaa, spiriti. Nafuta malhamu ya zamani,
napaka mpya, ya kijivu, kiasi cha punje ya dengu.
Narudisha mapezi ya alumini, skrubu kwa skrubu,
kona hii, kisha ile inayoitazama,
kama nilivyofundishwa kufunga breki ya lifti.

Kizidisho arobaini na saba: inawaka.
Arobaini na tisa: inawaka.
Hamsini na moja: kiza.
Naongeza volti, chembe tu,
kama atiaye chumvi huku akiwawaza wageni.
Inawaka.
Hamsini na mbili!
Saa sita usiku nampigia Zsombor:
viini vyote vinane, nasema, vyote!
"Na joto?"
Dirisha liko wazi, nikasema.
Akacheka, akakata simu.

Feni zilivuma saa tatu nzima.
Nililala nimeketi, nikijiona tajiri.
Ngoma ilikuwa inanoga mno
nisisikie ngozi ikinung'unika.

Boróka alichora ramani yake ya mito.
Etelka alipiga hesabu za kiwanda cha mikate,
akasema mashine imekuwa nyepesi,
labda kwa kunihurumia.

Machi, Boróka akashikwa na mafua. Tukafunga dirisha.
Ijumaa, mishahara ya waokaji thelathini na mmoja,
Etelka yuko kwenye jina la ishirini na nane,
skrini ikageuka buluu.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejitetea.
Aliweka kalamu mezani.
"Lifti ya jengo hili imeandikwa watu wangapi?"
Wanne.
"Na kamba zake zinaweza kubeba wangapi?"
Nikanyamaza. Mimi ndiye ninayezikagua.
Arobaini na ushei.

Usiku huo nilishuka
kama muuzaji anayepunguza bei mwenyewe,
mteja hata hajafika.
Hamsini na moja. Hamsini.
Volti nazo nikazipunguza, tone kwa tone.
Nikaacha dirisha limefungwa,
nikawasha oveni, mlango wake wazi,
nikaiita Julai jikoni
ikaja, ikakaa, ikanilowesha shati.

Nyuzi tisini na nne. Themanini na nane.
Kwenye arobaini na tisa, saa ya tano, kosa moja.
Moja tu, katika mabilioni ya majibu.
Zamani ningesema, moja tu.
Nikamkumbuka mwokaji wa ishirini na nane
ambaye simjui jina,
anaamka saa tisa usiku kukanda unga.

Arobaini na nane ilifika asubuhi bila kosa.
Boróka aliamka, akauliza kwa nini nyumba inanuka jasho.
Mashine ilikuwa imefaulu, hakuna aliyenidai zaidi.
Nikaweka arobaini na saba.

Sikulala kwa fahari. Nililala tu.

Zsombor bado huuliza: "Umefika ngapi?"
Mwezi wa nne sasa, namjibu,
naye hudhani sikusikia swali.

Leo nje ni nyuzi thelathini na sita,
lami ya barabara inashika visigino vya watu.
Etelka amefika jina la thelathini na moja,
anachapa, anapiga miayo, anakunywa maji.
Hajaitazama mashine hata mara moja.
Nimesimama mlangoni na mfuko wa vifaa,
nachelewa kazini,
namtazama asivyoitazama.