Bwana Pima

Kilichomleta ni karanga.
Mwaka ule Mtwara ilitakiwa iwe na gati,
gati likataka mtu anayejua kina,
naye kina alikijua kwa ndani,
kama funza ajuavyo embe.

Baba yangu, Dadi Ntauka, alitupa bildi.
Yeye aliandika.
"Pima tisa, matope."
"Pima kumi na moja, mchanga na chaza."
Kutwa nzima hawakuzungumza lingine.

Mengine yalitoka usiku, kidogo kidogo,
kwenye nyumba ya bati kule Shangani, milango yote wazi
hata mvua ikinyesha ndani:
kwamba aliingia nyambizi ana miaka ishirini na miwili,
kwamba alikabidhiwa ya kwake huko Malta, kuukuu, inavuja mafuta,
kwamba alizamisha meli kumi na tatu,
na mfalme akambandika msalaba wa fedha
kwa vidole vya baridi.

Radi ikipiga, alihesabu.
Si kwa sauti. Midomo tu.
Alivua viatu, akalaza kijiko mezani
taratibu, kama analaza mtoto mwenye homa,
maana kule chini, alisema, kijiko kikianguka
wanakufa watu arobaini.
Baba naye akajifunza kulaza kijiko.
Mpaka leo kwetu hakuna anayegonga sahani.

Mara moja tu baba alimwuliza:
Hizo kumi na tatu, zilikuwa na watu?
Akajibu, "Tani nazikumbuka."
Taa ikaanza kuishiwa mafuta ndipo akaongeza:
"Ya sita ilibeba nyumbu.
Walituogelea. Walidhani sisi ni nchi kavu."

Karanga hazikuota.
Matrekta ndiyo yaliota, kutu, huko Nachingwea.
Kampuni ikafunga vitabu,
baba akiwa anadai wiki tatu.
Bwana Pima akaja kwa miguu na kopo la sigara,
akalitia mkononi mwake, hakusema kitu,
akapanda meli ya abiria.
Kitanda alikuwa nacho, cha daraja la kwanza.
Wapakizi waliapa alilala sitahani.

Ndani ya kopo: msalaba, na utepe wa bluu na mweupe.
Utepe tulimfunga mbuzi.
Msalaba, sonara wa Mikindani aliuuma, akacheka,
akauyeyusha, akautoa kipini
na chenji ya ratili mbili za sukari.

Mama yangu, Somoe, alikivaa miaka arobaini na sita.
Wageni wakikisifu alikigusa kwa kidole:
"Hiki? Meli kumi na tatu. Na nyumbu."
Akasonya, akarudi kwenye mihogo yake.

Tulipomwosha, mimi ndiye niliyekichomoa.
Chepesi, kama punje ya ufuta.
Nikakilaza kisosini.
Hakikutoa sauti.